Sanamu, Kinyago na Kinga: Habari za Vitu vya Mti Katika Nchi ya Tanga na Mrima

Miongoni mwa maneno tuyatumiayo kila siku shuleni na kanisani, liko moja lililotupotosha kwa muda mrefu, nasi hatukujua. Neno lenyewe ni "sanamu". Kwa neno hili twataja mwanasesere wa mtoto, picha ya mtakatifu ukutani, yule askari wa shaba aliyesimamishwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927, na miungu ya mataifa isomwayo katika Maandiko. Kisha, bila kufikiri, twaliita "sanamu" kila gogo dogo lililochongwa lionekanalo katika sanduku la bibi kizee au katika mkoba wa mganga. Neno likipakizwa mizigo mingi namna hii, hapana budi siku moja limwangushe mchukuzi.

Makusudi ya makala hii ni kuvitenga vitu hivyo, kila kimoja mahali pake, kwa kadiri ya desturi za nchi yetu kutoka mpaka wa Kenya hata mto Wami. Hatuandiki ili kuwafurahisha wapenda mambo ya kale tu. Twaandika kwa sababu tumekosa kwa kutokujua, wala hatupendi wenzetu wakose kama sisi.

1. Jambo lililotupata

Katika mwaka wetu wa pili wa ualimu tulipelekwa kufundisha katika kijiji kimoja cha Uzigua, kusini ya mto Pangani. Akaja mhubiri mgeni, akawahimiza watu watoe nyumbani mwao kila kitu cha uganga kichomwe mbele ya wote. Watu wakaleta: tunguri, pembe, vitambaa vyeusi na vyekundu, hirizi, na chupa zilizofukuliwa vizingitini. Sisi tulipewa kazi ya kupokea vitu na kuvitia motoni.

Akaja kijana mmoja na kitu kidogo cha mti, urefu wake wapata shubiri moja. Kilikuwa na kichwa kilichogawanyika juu sehemu mbili, matiti madogo na kitovu, wala hakikuwa na mikono wala miguu. Shingoni kilivikwa shanga. Kijana alikitoa katika sanduku la bibi yake, naye bibi yuko shamba. Hatukuuliza neno. Tulikitupa motoni pamoja na vingine.

Jioni bibi akaja nyumbani kwetu. Alikuwa mzaliwa wa Udoe aliyeolewa Uzigua. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwalimu, mmechoma dawa za watu, shauri lenu. Lakini yule hakuwa dawa. Yule ni mwana. Nilipewa nilipokuwa mwali, na mama yangu alipewa kabla yangu. Sasa mjukuu wangu nitampa nini?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile hakuonekana tena kanisani. Na mkoba wa mganga mkubwa wa kijiji, ambao kwa ajili yake hasa moto ule uliwashwa, haukuletwa kamwe.

Basi, maneno yale mawili ya bibi, "dawa" na "mwana", ndiyo yaliyotufungua macho. Kwake yeye vilikuwa vitu viwili. Kwetu sisi vyote vilikuwa sanamu.

2. Maneno yenyewe

"Sanamu" ni neno lililotoka Kiarabu, na huko maana yake ni kitu cha kuabudiwa. Lilipoingia katika Kiswahili likapanuka hata kuwa mfano wowote wa kiumbe. Kwa hiyo mwalimu asemapo "sanamu" huku akifikiri habari ya ibada, msikilizaji huenda anafikiri habari ya mfano tu, na kila mmoja huondoka akidhani ameelewana na mwenziwe.

"Kinyago" ni neno la Kibantu, nalo lina udugu na neno "unyago". Ni kitu cha kuchonga chenye sura ya mtu au mnyama, tena ni kitu cha kutishia wari wanaofundwa. Wazee wa pwani husema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Katika mithali hii mna mafundisho makubwa: mchongaji ajua kwamba mti ni mti.

Sasa tuyatazame maneno ya kinga. "Kago" latoka katika kitenzi "kukaga", yaani kukihifadhi kitu kwa dawa, hasa shamba, ili mwizi asithubutu. "Fingo" ni kitu kifukiwacho ardhini ili kulinda nyumba au mji. "Zindiko" ni kazi ya kuuzindika mji au nyumba isiingiliwe na ubaya, na kinyume chake ni "kuzindua". "Pagao" huvaliwa mwilini. "Hirizi" na "talasimu" yametoka Kiarabu, na mara nyingi ndani yake mna karatasi yenye maandiko, iliyoshonewa ngozi au kitambaa. Katika maneno haya yote hakuna hata moja litajalo umbo la mtu. Kinga kwa watu wa nchi hii hujulikana kwa kazi yake, wala si kwa sura yake. Chupa iliyozikwa mlangoni ni kinga. Kipande cha mti chenye macho na pua huenda si kinga kabisa.

Tena liko neno "kuganga". Maana yake ya zamani ni kufunga pamoja kitu kilichovunjika au kupasuka, kama mpini wa jembe. Kisha ndipo likawa kuponya. Mganga kwa asili ya neno ni afungaye kilichovunjika. Anayewachanganya mganga na mchawi katika mafundisho yake amwambia msikilizaji jambo ambalo lugha yenyewe yakataa.

3. Tunguri na kizibo chake

Katika Usambara, Bonde, Uzigua na nchi za Mrima, waganga wamezoea kuweka dawa zao katika vibuyu vidogo viitwavyo tunguri. Baadhi ya tunguri hizo huwa na kizibo cha mti kilichochongwa kichwa cha mtu, pengine mtu mzima, na chini ya kichwa umetoka mti mwembamba uingiao ndani hata kufikia dawa. Mganga achomoapo kizibo, mti ule hutoka umepakwa dawa, naye huutumia kumpakia mgonjwa au kumlambisha. Dawa yenyewe mara nyingi ni mizizi na majani yaliyochomwa yakawa unga, kisha yakachanganywa na mafuta au asali.

Basi kile kichwa kina kazi tatu: huziba, huchotea, na huwa alama ya kuonya kwamba humu hamna maji ya kunywa. Nguvu, kwa itikadi ya wenyewe, i katika dawa, na katika mafundisho aliyopokea mganga pamoja na mkoba, na katika miiko aliyowekewa. Mwiko ukivunjwa, dawa imekufa, hata kama kizibo kingali kizima. Tunguri tupu ni kibuyu tu.

Vitu vya namna hii vilichukuliwa kwa wingi na Wadachi walipotawala nchi hii, na maelfu ya vitu vya Tanzania vimo hata leo katika makumbusho ya Berlin na miji mingine ya Ujerumani. Vingi vimeandikiwa jina la kabila tu. Aliyevichukua hakuuliza mwenyewe ni nani wala dawa ilikuwa ya ugonjwa gani. Kwa hiyo sisi waalimu tusidhani kwamba ni sisi peke yetu tuliosahau kuuliza.

Wako wasemao, "Lakini watu hawa huabudu mizimu." Ni kweli kwamba mizimu hutolewa sadaka. Lakini nenda katika mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, mahali ambapo watu wa dini mbalimbali wamekuwa wakiweka nadhiri zao. Utaona vitambaa, marashi, fedha na chakula vimewekwa penye mwamba. Havikuwekwa mbele ya mti uliochongwa. Anayetaka kuisema ibada ya nchi hii na aseme habari za mwamba, za kaburi na za ndoto. Akiiangukia sanamu, amelipiga teke gunia lisilo na kitu.

4. Mwana wa mti

Kitu kile tulichokichoma huitwa "mwana hiti", yaani mtoto wa mti. Kimejulikana sana kwa Wazaramo, Wakwere, Wadoe na jirani zao, watu ambao ukoo wao wa asili hufuata upande wa mama. Mtu akitoka Pangani kwenda kusini kwa njia ya Saadani, akiuvuka mto Wami amekwisha kuingia katika nchi zake hasa. Lakini wanawake huolewa mbali, na vitu vyao husafiri nao.

Desturi ilikuwa hivi. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa. Katika siku zile alipewa mwana hiti amtunze kama mtoto: amwogeshe, ampake mafuta, amvike shanga, amtengeneze nywele, kwa maana mara nyingi kichwani hutiwa shungi la nywele za kweli. Akimtunza vema, ilitumainiwa kwamba uzazi wake utahifadhiwa. Akimtupa au akimsahau, watu waliogopa asije akawa tasa. Hii ndiyo kinga iliyomo katika mwana hiti, nayo ni kinga ya uzazi. Ni mtoto wa mfano, amtanguliaye mtoto wa kweli. Umbo lake lachongwa pia katika fimbo za wakubwa, katika viti, katika ngoma, na zamani katika nguzo za makaburi, kwa kuwa ukoo huanza na mama na mwisho humrudia mama.

Neno moja zaidi lapasa kuangaliwa. Asiyekuwa na mwana wa mti aliweza kupewa kibuyu kidogo, au hata gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa, na kazi ikawa ile ile. Hapa tena twaona kwamba mti wenyewe si mungu. Hakuna aliyeabudu gunzi.

Siku hizi desturi hii imepungua sana. Wasichana wako shuleni, na siku za kuwekwa ndani zimefupishwa au zimeachwa. Kilichobaki mara nyingi ni kitu chenyewe ndani ya sanduku, na kumbukumbu ya aliyekitoa.

Jirani ya hayo, kwa Wazigua na Washambaa, ziko sanamu za udongo zilizotumiwa katika kufunda wari. Kila moja ilikuwa na wimbo wake na onyo lake: habari ya uvivu, ya ulafi, ya kuheshimu wakwe. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa serikali ya Tanganyika, alizikusanya nyingi na kuzitolea kitabu mjini London mwaka 1956. Ngoma ilipokwisha, nyingi zilivunjwa au kutupwa, kwa maana kazi yake imekwisha. Sisi waalimu tungeziita vielelezo vya kufundishia, kama ramani na picha tuzitundikazo ubaoni.

5. Vigango vya Wagiriama

Kaskazini ya mpaka, katika nchi za Wamijikenda, iko namna nyingine. Wadigo wa Tanga ni ndugu za watu hao, lakini wao walio wengi ni Waislamu tangu zamani, wala mambo haya hayapatikani kwao kama yapatikanavyo kwa Wagiriama. Mgiriama aliyekuwa mmoja wa chama cha Gohu, akifa, husimamishiwa ubao mrefu wa mti uliochongwa na kutiwa nakshi za pembe tatu, kichwa chake cha mviringo. Huo huitwa kigango. Kigango ni makao ya koma ya marehemu, naye huwalinda watoto wake wakimkumbuka. Kikisimikwa hakiondolewi. Watu wakihama, chenyewe hubaki palepale hata kiliwe na mchwa.

Wafanya biashara walipogundua kwamba vigango vyapendwa na matajiri wa Ulaya na Marekani, wezi wakaanza kuving'oa. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vyote viwili viliibwa, na mzee na jamaa zake waliyahesabu mabaya yaliyowapata kuwa yametokana na wizi ule. Mwaka 1999 mtafiti huyo alikitambua kimoja katika picha ya vitu vya makumbusho ya Marekani, na baadaye cha pili kikapatikana katika makumbusho nyingine huko huko. Vilirudishwa Kenya mwaka 2006 na mwaka 2007.

Twalitaja jambo hili kwa sababu moja. Mara nyingi mwizi na mhubiri mwenye haraka hufuatana: mmoja humfundisha kijana kwamba kitu cha babu yake ni takataka, na wa pili huja kumpa fedha kwa takataka ile.

6. Mifano ya upande wa magharibi

Afrika ya magharibi na pwani ya Kongo ndizo zilizosifiwa ulimwenguni kwa sanamu za kinga, na tukilinganisha tutafahamu ya kwetu vizuri zaidi. Wakongo wana nkisi, kwa wingi minkisi. Ni mtu wa mti mwenye tundu tumboni au kichwani lililojazwa dawa, na pengine amepigiliwa misumari mingi mwilini, kila msumari ni kiapo au shauri lililokatwa. Amtengenezaye huitwa nganga, neno lile lile la mganga wetu. Wareno waliviita vitu hivyo feitiço, yaani kitu kilichofanyizwa, na kutoka neno hilo Wazungu wakapata jina la kudharau dini zote za Waafrika.

Waakan wa Ghana wana akuaba, mtoto wa mti ambaye mwanamke atakaye kuzaa humbeba mgongoni. Wayoruba wa Nigeria, ambao kwao mapacha ni wengi sana, pacha mmoja akifa humchongea ibeji, na mama humwosha na kumvika kama alivyomvika mwanawe.

Angalia sasa. Nkisi ni chombo cha dawa, kama tunguri yetu. Akuaba ni mtoto wa mfano, kama mwana hiti. Ibeji ni ukumbusho wa aliyekufa, kama kigango. Watu waliotengana kwa mwendo wa miezi waliutumia mti kwa haja tatu zile zile: kuponya ugonjwa, kupata mtoto, na kutomsahau maiti. Anayevitia vyote katika neno moja atazijibu haja tatu kwa jibu moja, na jibu hilo halitamtosha hata mmoja.

7. Yatupasayo waalimu

Hatusemi kwamba vitu hivi vyote havina madhara. Tumeona mama akiuza mbuzi wake wa mwisho kwa zindiko, na mtoto akicheleweshwa kupelekwa hospitali mpaka ikawa hakuna la kufanya. Tumeona jirani wasisalimiane kwa miaka kwa sababu mganga alitaja jina. Mambo hayo yapasa kusemwa waziwazi. Sheria ya nchi nayo yapambanua: sheria ya uchawi iliyotungwa mwaka 1928 yakataza mtu kujifanya mchawi au kumsingizia mwenziwe uchawi, na sheria ya mwaka 2002 yawatambua waganga wa tiba asili na kuwataka waandikishwe. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 yazuia vitu vya asili visipelekwe nje bila ruhusa.

Lakini mtu akituletea kitu cha mti, au tukikikuta, tusianze na moto. Tuanze na maswali manne. La kwanza: kimetoka kwa nani? La pili: ndani yake mna dawa, au ni mti mtupu? La tatu: kazi yake ilikuwa nini? La nne: mwenyewe ataka kifanywe nini? Swali hili la mwisho ndilo kubwa. Katika Matendo ya Mitume twasoma kwamba watu wa Efeso walivichoma vitabu vyao vya uganga vyenye thamani ya fedha hamsini elfu. Lakini walivileta wenyewe, vilikuwa mali yao, na walijua yaliyoandikwa ndani. Hakuna mjukuu aliyeiba sandukuni.

Kikiwa ni dawa iletayo hofu, na mwenyewe ataka kuachana nayo, tumsaidie kwa sala na kwa kumtembelea, kwa maana mti huungua saa moja, bali hofu huchukua miaka. Kikiwa ni mwana, au ukumbusho wa wazee, tuyaandike maneno yake: jina kwa lugha ya nyumbani, aliyekichonga kama ajulikana, nyimbo zake kama mwenyewe akubali. Kisha kirudi kwa mwenyewe. Asiyekitaka aweza kukipeleka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Waliotutangulia hawakuona kazi hiyo kuwa dhambi. Padre Godfrey Dale, aliyetafsiri Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, aliandika desturi za Wabondei, zikachapwa mwaka 1896, makusudi wamisionari wapate kuzijua. Na Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi, zilizojaa uganga wa mvua na wa uwindaji, zilipigwa chapa Magila, katika mtambo wa misioni.

Kwa habari ya bibi yule wa Udoe, twamalizia hivi. Miaka michache baadaye tulipata kusikia kwamba mjukuu wake alifundwa, na bibi alimpa gunzi la mahindi lililofungwa kipande cha kanga. Basi moto wetu haukuiondoa desturi hata kidogo. Uliondoa kazi ya mikono ya mtu tusiyemjua jina, na ulimwondoa bibi mmoja kanisani. Tulikwenda kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa kiti, akasema neno moja tu, ambalo kila Mswahili alijua tangu utoto: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Nasi tulipokuwa tukirudi njiani ndipo tulipolisikia vizuri lile neno "tugange".